Mbele Inazama, Inagonga au Inatetemeka Ukifunga Breki: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Skrubu

Malalamiko kuhusu shokapu za mbele yanafanana sana. Mmoja anasema pikipiki inapiga mbizi kila akigusa breki. Mwingine anasikia "ko!" kwenye usukani. Wa tatu kaweka springi mpya na bado tairi linadunda kwenye lami mbovu. Wengi wao wanakuwa wameshaanza kuzungusha skrubu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu: tatizo la mwanzo lipo palepale, na juu yake yamewekwa marekebisho ambayo hakuna anayekumbuka yalianzia wapi.

Jambo moja liwe wazi kwanza. Kuzama si ugonjwa. Chukua pikipiki ambayo pamoja na dereva ina kilo 250, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 juu ya barabara na magurudumu yameachana mita 1.4. Ukifunga breki kwa nguvu, lakini bado tairi la nyuma liko chini, kilo kama 86 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Springi lazima zibonyee. Tena kubonyea huko kuna faida: mbele ikishuka, shokapu zinasimama wima zaidi na pikipiki inakubali kuingia kona, na tairi linakandamizwa barabarani likashika vizuri. Mwaka 1993 BMW ilileta mfumo wa Telelever kwenye R1100RS, mfumo unaopunguza sana kuzama, na wapo madereva walioupokea wakalalamika kuwa hawalisikii tena tairi la mbele. Kwa hiyo usitafute mbele isiyozama. Tafuta mbele inayozama kwa mpangilio, inayosimama kabla ya kufika mwisho, na inayorudi juu bila kuruka.

Kabla ya dalili yoyote, pima

Anza na upepo wa matairi, asubuhi yakiwa baridi, ukifuata kipimo kilichobandikwa kwenye pikipiki au kilichomo kwenye kitabu chake. Tairi la mbele lenye upepo pungufu linafanya usukani uwe mzito na mbele iwe kama inaelea ukifunga breki. Ni dalili zilezile ambazo watu wanazilaumu shokapu.

Kisha funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kuzunguka bomba linalong'aa la shokapu moja. Ibane kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa tu. Isogeze hadi iguse sili ya vumbi, nenda barabarani, funga breki kama kawaida yako, rudi uangalie imesukumwa hadi wapi. Kamba hiyo itakuambia mengi kuliko mikono yako.

Kipimo cha tatu ni mshuko, yaani mbele inashuka kiasi gani kwa uzito wa pikipiki na wako. Nyanyua gurudumu la mbele litoke chini, pima sehemu ya bomba inayoonekana. Halafu kaa juu ya pikipiki na nguo zako zote za safari, miguu kwenye vikanyagio, mtu mmoja akishikilia pikipiki isimame, mwingine apime tena. Bonyeza mbele uiachie ipande polepole, pima. Inyanyue uiachie ishuke polepole, pima. Chukua wastani, kwa sababu msuguano wa sili na bushi huwa unadanganya. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na wastani huo ndiyo mshuko wako. Kwa pikipiki nyingi za barabarani, milimita 30 hadi 40 ni pazuri pa kuanzia. Pikipiki za njia mbovu zenye shokapu ndefu zinashuka zaidi, karibu robo hadi theluthi ya urefu wote wa mwendo wake.

Kama shokapu zako zina skrubu za kurekebishia, andika zilipo sasa hivi. Zungusha kila moja kufuata mshale wa saa, taratibu, ukihesabu kliki hadi ikome. Usiikaze ikishakoma, kwa sababu ndani kuna ncha ya sindano inayoharibika kirahisi. Irudishe kliki zilezile. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja kwa wakati, upite barabara ileile kila unapojaribu.

Dalili: inazama ghafla, au inafika mwisho na kugonga

Haya ndiyo malalamiko makubwa kuliko yote, na ndani yake kuna matatizo mawili tofauti. Ipo mbele inayozama haraka mno, na ipo inayozama mbali mno. Oili na vitundu inavyopitia ndivyo vinavyoamua kasi ya kuzama. Springi, pamoja na hewa iliyobanwa ndani ya bomba, ndizo zinazoamua itasimama wapi. Ukifunga breki kwa muda mrefu kuelekea kwenye taa nyekundu, hata oili nzito kiasi gani haitazuia mbele isifike kule springi zinakotaka ifike; itaichelewesha tu. Mtu asiyetenganisha haya mawili atamwaga na kujaza oili mwaka mzima.

Chanzo cha kwanza ni oili iliyochoka. Oili ya injini inabadilishwa kila wakati, ya shokapu inasahaulika miaka. Ikitoka nyeusi kama maji ya mkaa, yenye harufu kali na unga wa chuma, usitafute sababu nyingine kabla hujaweka mpya. Pikipiki ndogo nyingi hazina skrubu yoyote mbele, kwa hiyo oili ndiyo njia yako kuu ya kurekebisha. Kutoka 10W kwenda 15W, yaani oili nzito zaidi, kunapunguza kasi ya kuzama, ila kunapunguza pia kasi ya kurudi, na kwenye mashimo mbele inakuwa ngumu zaidi. Usiziamini sana namba hizo ukibadilisha kampuni, kwa kuwa 10W ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa nyepesi kuliko 7.5W ya mwingine. Soma kwenye karatasi ya bidhaa unene kwa sentistoki katika nyuzi 40.

Cha pili ni springi laini kwa uzito uliopo. Dereva mzito, abiria na mizigo vinaweza kuishinda springi iliyotoka kiwandani. Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa kila mahali: watu wanakaza nati ya mkazo wa springi wakidhani wameifanya ngumu. Sivyo. Springi ya kilo 0.9 kwa milimita, yaani inayohitaji kilo 0.9 ili ibonyee milimita moja, ni ya kilo 0.9 kwa milimita hata uikaze hadi mwisho. Mkazo unainua mbele tu, ikaanza safari yake ya kuzama ikiwa juu zaidi. Rudi kwenye zile kilo 86. Springi mbili za 0.9 zinabeba kilo 1.8 kwa milimita, kwa hiyo mbele itashuka karibu milimita 48 kwa breki hiyo, ukiweka kando mlalo wa shokapu na hewa ya ndani. Weka springi za 1.0 itashuka 43. Hizo milimita tano ndizo zinazotenganisha shokapu inayogonga na isiyogonga. Ukiona umekaza mkazo hadi mwisho na mshuko bado unapita milimita 45 kwenye pikipiki ya barabarani, acha kukaza, tafuta springi ngumu zaidi. Pima pia springi za zamani zikiwa nje. Kitabu cha pikipiki kinataja urefu ambao zikifupia hapo hazifai tena.

Cha tatu ni kimo cha oili. Juu ya oili kuna hewa, na hewa hiyo inabanwa kadiri shokapu inavyofunga, ikawa springi ya pili ambayo nguvu yake inakuja mwishoni. Kimo hupimwa springi zikiwa zimetolewa na bomba limesukumwa hadi chini kabisa, kutoka mdomo wa bomba hadi usoni mwa oili. Kama mshuko ni mzuri na mbele inakwenda sawa, ila kamba inafika mwisho kwenye breki kali tu, ongeza oili ili nafasi ya hewa ipungue milimita 5, ujaribu, kisha 5 nyingine. Usiende mbali. Hewa ikiwa kidogo mno presha inapanda hadi sili zinasalimu amri, na shokapu inaweza kugoma kabla ya kumaliza mwendo wake. Miguu yote miwili ya shokapu iwe na kimo kimoja, isipokuwa pale kitabu kinaposema kila upande na kimo chake.

Skrubu ya kuzuia kubonyea, kama ipo, inafuata baada ya hayo yote. Ifunge kliki mbili, ujaribu.

Na mkono wako? Breki ikinyakuliwa, hakuna shokapu itakayokaa vizuri. Gusa kwanza, acha mbele ianze kushuka, ndipo ukamue. Ukibadilisha hilo tu na kamba ikasimama pungufu kwa kidole kizima, usinunue kitu.

Onyo kwa atakayefungua kifuniko cha juu: kinasukumwa na springi iliyobanwa. Gurudumu la mbele liwe hewani, pikipiki imeegemezwa imara, uso wako usiwe juu ya kifuniko. Shokapu yenye valvu ya hewa itolewe hewa kwanza. Kama huna namna ya uhakika ya kuisimamisha pikipiki, kazi hii ifanyike gereji.

Dalili: "ko!" moja ukishika breki

Mara nyingi ni beringi za shingo ya usukani zimelegea. Simama kando ya pikipiki, shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma, huku kidole cha mkono mwingine kimegusa mwanya ulio kati ya shingo ya fremu na kibano cha juu kinachoshika shokapu. Beringi zikilegea utausikia mwanya ukifunguka na kufunga chini ya ncha ya kidole. Hakikisha kwa kunyanyua gurudumu la mbele, kukaa mbele yake na kuvuta miguu ya shokapu kuja kwako. Usukani ukigeuzwa polepole ukanasa katikati, kama unaoingia kwenye kishimo, beringi zimekula njia zake; kukaza hakutasaidia, zibadilishwe.

Beringi zikiwa nzima, angalia pedi na kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Pedi kucheza kidogo ni kawaida. Bolti za kalipa kulegea si kawaida hata kidogo, na pikipiki hiyo isiendeshwe hata kwenda kwa fundi mpaka zikazwe kwa kipimo chake. Kwenye diski zenye pini za kuelea, pini zilizochakaa zinatoa mlio huohuo. Bushi za ndani ya shokapu ziweke mwisho.

Mlio ukija unapoachia breki, si unapoishika, shokapu inagonga juu inaporudi. Nenda kwenye dalili ya kurudi, hapo chini.

Dalili: mbele ngumu, tairi linadunda ukifunga breki kwenye barabara mbovu

Tazama kamba kabla hujalegeza chochote. Ikiwa imefika karibu na mwisho, shokapu yako si ngumu, ni laini! Inazama hadi theluthi ya mwisho ambako hewa imeshabanwa, na kila kishimo kinaikuta haina pa kwenda. Ukilegeza utazidisha. Tiba iko kwenye dalili ya kwanza: springi, oili, kimo.

Kamba ikiwa imetumia nusu tu ya mwendo, ugumu ni wa kweli. Upepo uliozidi kwenye tairi ndiyo sababu rahisi. Inayofuata ni shokapu kujikaza zenyewe, hasa baada ya gurudumu kutolewa na kurudishwa au baada ya pikipiki kuanguka. Bolti inayobana ekseli ikikazwa wakati miguu haijakaa sambamba, mabomba yanasuguana njia nzima. Legeza bolti ya kubana, ekseli yenyewe ikiwa imekazwa. Shusha pikipiki chini, bonyeza mbele kwa nguvu mara kadhaa ili mguu ujipangie mahali pake, ndipo ukaze tena. Ni kazi ya dakika chache, na huwa inashangaza watu waliokuwa wameshapanga kununua shokapu nyingine. Kama pikipiki ilianguka, vibano vinaweza kuwa vimejisokota. Usukani ulionyooka huku gurudumu linatazama pembeni ndiyo alama yake.

Baada ya hapo fungua skrubu ya kubonyea kliki mbili. Kwenye shokapu zisizo na skrubu, shuka namba moja ya oili. Aina hizo za kawaida zinasukuma oili kwenye vitundu visivyobadilika ukubwa, na kasi ikiongezeka mara mbili ukinzani unakaribia mara nne. Ndiyo maana zinaweza kuzama ovyo kwenye breki ya taratibu na bado zikapiga mikono kwenye shimo. Oili peke yake haitamaliza pande zote mbili. Chagua upande unaokusumbua zaidi.

Dalili: ukiachia breki mbele inaruka, pikipiki inatoka nje ya mstari wake kwenye kona

Springi inarudi bila kizuizi cha kutosha. Bonyeza mbele hadi chini ukiwa umesimama, iachie: inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikapita, ikashuka tena, funga skrubu ya kurudi kliki moja au mbili. Kwa kawaida iko juu ya bomba, lakini zipo shokapu ambazo mguu mmoja unashughulikia kubonyea na mwingine kurudi, kwa hiyo soma kitabu. Bila skrubu, oili mpya au nzito kidogo.

Usifunge kupita kiasi. Shokapu inayorudi polepole mno inapigwa na tuta la pili kabla haijapona la kwanza, inashuka kidogo kidogo hadi inakwama chini, na dereva anarudi akisema "inazama sana". Kama kuzama kwako kunakuja tu kwenye mfululizo wa mawimbi ya barabara, fungua kliki mbili kabla ya kufikiria springi.

Dalili: kutetemeka

Tenganisha mkono wa breki na usukani. Mkono wa breki ukipiga vidole kwa mdundo unaofuata mzunguko wa gurudumu, ni diski: imepinda, ina unene usio sawa, au imegandiwa na mabaki ya pedi. Kwenye pikipiki nyingi kikomo cha kuyumba kwa diski hakizidi milimita 0.3, na unene wa chini kabisa huwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyofika hapo haichongwi, inabadilishwa. Mpapatiko wa haraka unaokuja kwenye breki kali tu, kwenye pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge kwa breki, ni mfumo unafanya kazi yake.

Usukani ukitikisika kushoto na kulia mwendo unapopungua, angalia tairi la mbele kwa kulipapasa kiganja kuelekea pande zote mbili. Likiliwa kwa ngazi, kiganja kinapita vizuri upande mmoja na kukwaruza upande wa pili. Kisha usawa wa gurudumu, beringi za gurudumu, beringi za shingo. Shokapu ziko mwisho wa foleni.

Dalili: nyuma inapepesuka au kunyanyuka

Kwanza mwili: bana tanki kwa magoti ili uzito wako usiende kwenye mikono. Kisha gia. Ukishusha gia mbili na kuachia klachi kwa mpigo, tairi la nyuma lililobaki na uzito kidogo litaburuta. Ikiendelea, angalia kama mabomba yamepandishwa sana ndani ya vibano. Kila milimita iliyopanda inashusha mbele, usukani unakuwa mwepesi na utulivu unapungua. Rudisha milimita 3 uone. Mkazo mkubwa wa springi ya nyuma unaleta matokeo hayohayo. Nyuma inayorudi haraka kupita kiasi nayo inasukuma kiti juu mara tu unapogusa breki.

Dalili: inavuta upande mmoja

Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono, shika breki na uachie. Likibaki zito, pistoni ya kalipa inanata. Likizunguka huru, linganisha skrubu na kimo cha oili cha kila mguu. Baada ya hapo ni suala la fremu au vibano, na hilo linahitaji vipimo vya gereji.

Dalili: oili kwenye bomba linalong'aa

Hapa hakuna kurekebisha kwanza. Futa bomba, pitisha ukucha juu na chini mzunguko mzima. Pale ukucha unapokwama pana kidoa cha kutu au mkwaruzo, na sili mpya itakatwa hapohapo ndani ya muda mfupi. Kidoa kidogo husuguliwa kwa msasa laini sana hadi ukucha upite. Kikubwa kinadai bomba jipya. Bomba likiwa safi, inua sili ya vumbi na usafishe mchanga chini yake kwa kipande chembamba cha plastiki, kwani wakati mwingine uvujaji unakoma.

Kwenye shokapu zilizopinduliwa, zenye bomba linalong'aa upande wa chini, oili inateremka moja kwa moja kuelekea kwenye kalipa. Pedi zilizolowa oili hazisafishiki, zitupwe, na diski isafishwe kwa dawa ya breki. Usiendeshe ukingoja kuona kama itazidi.

Wakati wa kuweka spana chini

Mpe fundi mwenye vifaa iwapo bomba limepinda au lina mkunjo chini ya kibano, hata mdogo. Iwapo kuna ufa kwenye kibano au shingo ya fremu. Iwapo beringi za shingo zinanasa. Iwapo mkono wa breki unazama hadi kugusa usukani. Bomba lililopinda lisinyooshwe kwa kukadiria macho. Skrubu iliyokoma kabla ya kliki zake kutimia isilazimishwe, na bolti za ekseli, kalipa na vibano zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu. Ukibadilisha springi, kimo cha oili au urefu wa mabomba kwenye vibano, hakikisha kuwa mbele ikifunga hadi mwisho, tairi na madigadi haviwezi kugusa rejeta wala kibano cha chini, kabla ya kujaribu breki kali mahali pasipo na magari.